Mkasi Ulionipa Sifa ya Haibridi

Nyie vijana wa kundi la Wapenzi wa Chuma, mliniingiza humo bila kuniuliza, na tangu siku hiyo simu yangu inatetemeka mezani mpaka kikombe cha chai kinahama. Mara ya kwanza nilidhani kuna msiba. Kumbe ni ile sedani ya wakubwa, toleo lijalo.

Kuna mtu katuma picha ya gari lililobandikwa karatasi za madoadoa tangu pua mpaka mkia, limepigwa picha kwa mbali kwenye theluji huko Ulaya, na nyie kwa picha hiyo hiyo mmeshaona mpaka pistoni. Mmoja anaapa kwa jina la mama yake kwamba V8 inarudi. Mwingine anasema V8 imeshazikwa, safari hii ni silinda sita za mstari, turbo mbili, na mota ya umeme iliyofichwa kwenye giaboksi, na gari litatoka Mpanda mpaka Katumba kwa umeme mtupu bila kunusa petroli. Wa tatu anasema wakithubutu kuweka silinda nne watakuwa wamemtukana yeye binafsi. Huyo wa tatu namfahamu vizuri. Anaendesha bodaboda ya shemeji yake, ina silinda moja, na hiyo moja inatoa moshi.

Siwacheki kwa sababu hamna gari. Mtu kutamani asicho nacho si dhambi. Mimi mwenyewe nilioa nikiwa na baiskeli isiyo na breki, na moyoni nilikuwa na lori. Nawacheka kwa sababu mnagombana. Wawili wenu hawasalimiani tena sokoni kwa ajili ya injini ambayo hata walioitengeneza hawajaitangaza. Juzi nimepita Kawajense nikakuta wengine wanabishana kama gari lenye mota ya umeme bado linastahili kuitwa la kiume. La kiume! Gari! Nilinunua nyanya zangu nikaondoka.

Halafu ndiyo mkaniandikia: "Mzee Gaspa, wewe ndiye fundi wa kwanza wa haibridi Katavi nzima. Tupe neno, mzee baba. Huyu mnyama mpya aje na injini gani?"

Neno ninalo, na limenikaa kooni muda mrefu. Si lile mnalolitaka. Kaeni vizuri.

Kwa wale msionijua, mimi ni fundi injini. Gereji yangu ilikuwa Shanwe, bati juu, udongo chini, na katikati shimo la kuingilia chini ya gari ambalo watu wawili wamewahi kutumbukia, mmoja akiwa mwenye gari. Malori ya tumbaku yamepita mikononi mwangu, matrekta, pikapu za wafugaji zilizobeba ndama siti ya mbele. Sasa nimestaafu. Mgongo umekataa kuinama, na mke wangu amekataa kufua maovaroli.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Kombo, mtu mfupi, mkali, aliyekuja huku na malori na hakurudi kwao tena. Alikuwa na sheria moja. Gari likija, alisema, bisibisi ni ya mwisho. Kwanza muulize mwenyewe: tangu jana lilipokuwa zima, nini kimeongezwa, nini kimepungua? Ukishajibiwa ndipo ufungue boneti. Sisi wanafunzi wake tulimwona mzee wa maneno. Fundi wa kweli, tuliamini, ni yule anayefungua vitu vingi na kuvitandaza kwenye gunia ili wateja waone kazi.

Siku moja lililetwa lori la tumbaku linalokata nguvu kila likitembea kidogo. Ukilizima likapumzika, linawaka. Ukienda kidogo, linakufa. Mzee Kombo alikuwa msikitini. Mimi nikasema leo ndiyo siku yangu. Niliposikia viatu vyake nilikuwa nimeshafungua pampu ya dizeli na kuitandaza kwenye gunia, na vitu vingine viwili vitatu nilivyokuwa sijui vinarudi wapi. Hakunigombeza. Alimgeukia dereva: "Tangu lilipokuwa zima, nini kimeongezwa?" Dereva akakuna kichwa, akasema hakuna, ila mfuniko wa tenki ulidondoka njiani, akafunga mfuko wa naironi na kukaza kwa mpira ili vumbi lisiingie. Mzee Kombo akaokota msumari, akatoboa ule mfuko. Basi. Tenki lilikuwa limekosa hewa, mafuta yanagoma kutoka. Mimi nilibaki na pampu yangu kwenye gunia hadi kesho yake, naipanga upya huku wenzangu wanaimba nyimbo za kuniita profesa.

Shikeni habari ya ule mfuko. Mtaihitaji mbele.

Miaka ikaenda. Mzee Kombo akafariki, Mungu amrehemu, na mimi nikawa na gereji yangu. Pale gerejini tulikuwa wawili. Injini yangu, umeme wa Nyandwi. Nyandwi ni wa Katumba, wazazi wake waliikimbia Burundi, yeye kazaliwa hapa hapa, kasoma hapa, uraia anao. Lakini mnaujua mji wetu. Mambo yakiwa mazuri Nyandwi ni ndugu yetu. Spana ikipotea, watu wanakumbuka baba yake alitoka wapi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Neno lake kubwa lilikuwa "subiri". Mimi nikitaka kukata waya, yeye: "Subiri." Nikitaka kugonga kitu kwa nyundo, yeye: "Subiri, Gaspa." Nilikaa naye miaka mingi kuliko nilivyokaa na mtu yeyote ukiondoa mke wangu, na wote wawili walikuwa na kawaida ya kusema ukweli wakati mimi sijauomba.

Sasa ndipo akaja Athumani. Wengi mnalijua duka lake la bati na misumari pale mjini. Athumani alijinunulia sedani. Si sedani ya mchezo, ni hiyo hiyo mnayoililia nyie, toleo la nyuma sana, iliyotumika kwa watu na kuchoka kidogo, lakini ndani ina viti vya ngozi na mbao inayong'aa. Na ilikuwa haibridi, ya kwanza kuiona kwa macho yangu: injini ya petroli mbele, betri kubwa nyuma ya siti, mota ya umeme katikati ya mambo, zinasaidiana.

Niwaambie nilivyoipokea mimi, fundi wa kwanza wa haibridi Katavi nzima. Athumani alinipa ufunguo, nikakanyaga breki, nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikamwambia kwa huruma, "Athumani, umeuziwa gari bovu. Betri imekufa." Nikaita vijana sita walisukume mteremko wa Shanwe likashtuke. Gari lenyewe lilikuwa linawaka tangu nilipobonyeza mara ya kwanza! Lile halipigi kelele, linasubiri kwa adabu. Nilipobonyeza mara ya pili nilikuwa nimelizima. Tulilisukuma mteremko mzima, halikushtuka, wala halikuwa na haja ya kushtuka. Tukalisukuma kupanda kulirudisha. Huku nyuma Nyandwi amekaa kwenye tairi anakula muhogo. Tulipofika, akaingia, akakanyaga breki, akabonyeza mara moja, gari likaondoka lenyewe kimya kimya. Mama mmoja aliyekuwa anapita akasema "Yesu!" akavuka barabara.

Siku nyingine niliweka bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, kama tunavyofanya kusikiliza gari linaumwa wapi. Nikasikiliza sana. Nikamwambia Athumani nasikia mdundo wa mbali, pengine ni beringi. Nyandwi akaniambia injini imezimika yenyewe, inapumzika. Nilichokuwa nasikia ni moyo wangu.

Kwa hiyo mnapobishana humo kwenye kundi kuhusu mlio wa V8, mimi nawaelewa. Mlio ulitusaidia sana sisi wajinga.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka tulipolivisha lile gari nguo. Nyie mnajua desturi yetu. Gari likija Mpanda halikai uchi. Naironi la kiwandani halitolewi mpaka lichanike lenyewe, juu ya naironi inakuja kava ya siti, juu ya kava kitambaa cha kufuma, na kwenye deshibodi manyoya, ili vumbi likute ulinzi. Mke wangu, Mama Koleta, alikuwa na cherehani pale pale pembeni ya gereji na kazi yake ilikuwa hiyo. Nikamwambia Athumani, gari la heshima kama hili linakaaje na viti wazi, vumbi la tumbaku litakula ngozi. Akasema sawa, Gaspa, lishonee. Mama Koleta akashona kava nzito za kahawia, zenye shada za nyuzi pembeni, za kufunika siti ya nyuma yote mpaka chini, mpaka kwenye kona. Mimi ndiye niliyechagua kitambaa. Mimi ndiye niliyezifunga kwa mikono yangu, nikazikaza kwa mpira.

Wiki hiyo hiyo Nyandwi alifunga redio mpya. Alipoingia nyuma kupitisha waya wa spika, alifunua kava kwenye kona ya siti, akaniita. "Gaspa, hapa pana matundu." Nikaangalia, kweli, kuna kiwavu kidogo cha plastiki pembeni ya siti. Nikamwambia ni spika hizo. "Spika si hapa. Haya yana kazi yake. Subiri, tuyaache wazi kwanza, niulize." Nikamwambia hatuwezi kumrudishia Athumani gari lenye kava iliyokunjwa kona moja kama sketi iliyopanda. Akainua mabega, akaenda kumalizia redio yake. Mimi nikaishusha kava, nikaikaza vizuri.

Jumamosi yake Athumani alipeleka posa ya mtoto wake, huko mbele ya Katumba. Sedani ilibeba wazee wanne wenye kanzu nyeupe, na yeye mwenyewe usukani. Ilikuwa jua la saa saba, barabara inachemka. Walipofika katikati ya pori, deshibodi ikawaka pembetatu nyekundu, gari likaishiwa nguvu, likasimama. Wazee wakashuka. Wakasukuma. Kanzu, kofia, fimbo, wanasukuma gari la kifahari kwenye vumbi, na mfugaji mmoja wa Kisukuma aliyekuwa anapita na ng'ombe wake akasimama kuwatazama kwa utulivu, kisha akauliza, "Wazee, na hilo nalo ni la kuswaga?" Walifika ukweni juu ya tela la trekta, kanzu zikiwa na rangi ya udongo. Posa ilipokelewa, lakini hadi leo shemeji za Athumani wakimwona wanamuuliza trekta lake halijambo.

Jumatatu gari likavutwa mpaka Shanwe, na Athumani nyuma yake na watu. Mnajua mtu aliyeaibishwa anavyotembea. Akasimama katikati ya gereji akauliza kwa sauti, "Nani aliligusa gari langu mara ya mwisho?"

Vijana, swali hilo ni lile la Mzee Kombo. Nini kimeongezwa? Nilikuwa nalijua tangu ujana wangu. Na jibu lilikuwa mbele yangu, la kahawia, lina shada. Wakati ule sikuwa na hakika, nawaapia, lakini nilikumbuka yale matundu. Nikaangalia wale watu, nikaangalia mke wangu kwenye cherehani, nikasema:

"Umeme si kazi yangu. Muulize Nyandwi."

Hayo tu. Sikusema uongo hata mmoja. Umeme kweli haukuwa kazi yangu. Athumani akamgeukia. "Umechoma betri yangu na redio yako." Mtu mwingine nyuma akasema, "Mnawapa wakimbizi magari ya watu, mnategemea nini?" Wengine wakaitikia. Nyandwi aliwapa mgongo. Alinitazama mimi. Alinitazama muda wa kutosha mtu kusema neno moja, mawili, hata matatu. Mimi nikainama kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwangu.

Akafuta mikono, akakusanya vifaa vyake kwenye kapu, taa yake ya kupimia akaiweka juu, akasema, "Haya, Gaspa." Akapanda baiskeli kwenda Katumba. Habari ikamtangulia. Kila alikojaribu kuomba kazi baada ya pale wanamuuliza, wewe ndiye uliyechoma haibridi ya Athumani? Akaishia kulima tumbaku ya baba yake.

Nimeyaandika haya kwa aibu, na sitaki mtu anitumie vile vikatuni vya kulia.

Gari likabaki kwangu. Nilifanya yote ninayoyajua. Nilitoa thamostati, ile vali ya maji ya kupoza injini, kwa sababu sisi mafundi wa huku gari likipata joto tunatoa thamostati, likikohoa tunatoa thamostati, nadhani hata mwenye gari akiugua tungemtolea. Halikusaidia. Niliosha rejeta. Nilimwaga oili nzima. Asubuhi gari linatembea, mchana linawaka pembetatu.

Aliyepata dawa ni Mama Koleta. Zile kava zilikuwa zimejaa vumbi la posa, akazivua akazifua, zikakaa kwenye kamba siku tatu. Siku tatu hizo niliendesha lile gari mchana kutwa, jua kali, Shanwe, Kawajense, mpaka stesheni, halikuwaka kitu. Siku ya nne akazirudisha. Saa nane mchana, pembetatu. Akaweka mikono kiunoni akaniambia, "Baba Koleta, hili gari linaumwa likivaa."

Nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Matundu yale ni pua ya betri. Betri ya haibridi inapata joto ikifanya kazi, ina feni yake inayovuta hewa kupitia pembeni ya siti. Sisi tumeiziba kwa kitambaa kizito chenye bitana, tukakaza kwa mpira. Ule mfuko wa naironi wa dereva wa tumbaku! Mzee Kombo alinionyesha kwa msumari nikiwa kijana, na bado nikaja kuziba mwenyewe, kwa mikono yangu, tena na shada juu.

Nikachukua mkasi wa Mama Koleta. Nikakata dirisha dogo kwenye kava, pale penye matundu. Mama Koleta akapinda ukingo wake vizuri, hata huwezi kujua kama si mtindo. Nikasafisha feni, ilikuwa na vumbi la kutosha kupandia mchicha. Gari likapona. Bahati nzuri betri yenyewe ilikuwa haijafa, ilikuwa inajilinda tu.

Mama Koleta akaniuliza, "Utamwendea Nyandwi lini?" Nikasema wiki ijayo.

Athumani alipokuja, gari linatembea, akanikumbatia. "Gaspa, umefanya nini?" Hapo ndipo nilipofanya baya kuliko lile la kwanza. Nikamwambia, "Nimenyoosha alipovuruga mwenzangu." Akaenda kusimulia dukani. Kila aliyenunua msumari aliondoka na sifa yangu. Zikaanza kuja haibridi nyingine, maana zilianza kuwa nyingi mjini, na ugonjwa wake ulikuwa ule ule, zimevishwa. Nilikuwa nawafukuza wenye gari, nawaambia kazi hii haitaki macho ya watu, nafunga turubai, nachukua mkasi. Nikitoka nimejipaka oili usoni. Huyo ndiye bingwa wenu wa haibridi. Sifa yangu yote imetoka kwenye mkasi wa kushonea, na hata huo haukuwa wangu.

Wiki ijayo ikawa mwezi, ukawa mwaka, ikawa miaka. Mama Koleta aliacha kuuliza. Hilo lilikuwa gumu kuliko kuulizwa.

Sasa turudi kwenye kundi lenu. Wiki iliyopita, katikati ya kelele za V8, mtu mmoja aliandika kwamba toleo jipya litakuwa na betri kubwa mara tatu, kwa hiyo ni bora tukaanza kuzizoea. Akajibiwa na dada mmoja, kwa upole kabisa, kwamba ukubwa wa betri si hoja kwa mazingira yetu. Hoja ni joto na vumbi, na kwamba betri nyingi zinazotupwa huku ni nzima, zimekosa hewa tu. Ndiye mtu pekee aliyesema jambo la maana tangu mniingize humo. Mmoja wenu akamwandikia, na vikatuni vya kucheka juu: "Wewe si ndiye mtoto wa yule mkimbizi aliyechoma betri ya Athumani? Fundi wa haibridi tunaye Mzee Gaspa, bhana." Kumi na wangapi sijui mkacheka. Mwingine akasema ndiyo maana gereji yake haina hata pikipiki.

Ni Jeni, binti wa Nyandwi. Amesomea magari ya umeme na haibridi chuoni, amerudi, amefungua gereji Kawajense nyuma ya mashine ya kusaga. Nilikwenda kupita pale kwa mbali. Kibao kipya, sakafu ya saruji imefagiliwa, vifaa vimepangwa ukutani. Na gari hakuna. Hata moja. Amekaa na ovaroli safi anasubiri. Ovaroli ya fundi ikiwa safi ni jambo la kusikitisha.

Nilikaa kimya siku mbili, kama kawaida yangu. Siku ya tatu nikapanda gari la kwenda Katumba.

Nyandwi nilimkuta anafunga majani ya tumbaku kwenye vijiti. Amezeeka vibaya kunizidi, au pengine mimi nimezeeka ndani. Akanipa kigoda. Nikaanza kuzunguka, nikauliza mvua, nikauliza mbolea, nikauliza afya ya mbuzi. Akasema, "Subiri, Gaspa. Umekuja na kitu. Kitoe."

Nikakitoa chote. Kava, matundu, mkasi, turubai, na mlivyomcheka Jeni kundini. Aliendelea kufunga majani yake. Nilipomaliza akasema, "Nilijua siku ile ile. Nilifunua kava, wewe ukaifunika."

"Sasa kwa nini hukusema, ndugu yangu? Pale mbele ya watu?"

"Ningesema mimi, nani angenisikia? Wewe ndiye ungesikika. Nilikutazama useme." Akafunga jani lingine. "Nikaenda polepole na baiskeli, nikisema labda utaniita. Mpaka pale darajani nilikuwa nasikiliza nyuma."

Nililia, na sioni haya kuwaambia. Mtu mzima, mbele ya tumbaku. Nikamwambia kesho nitakwenda kwa Athumani, nimweleze kila kitu.

"Athumani mwambie ukipenda," akasema. "Waliomcheka mwanangu wako kwenye simu yako. Waandikie hao. Na uweke jina lako, Gaspa, maana la kwangu wameshaliweka."

Basi nimeandika. Aliyefunika betri ya Athumani ni mimi, Gaspa wa Shanwe, fundi injini mstaafu. Nyandwi hakuchoma kitu. Nyandwi ndiye aliyeyaona matundu, na mimi ndiye niliyeyaziba, nikaacha yeye abebe. Nimemweleza na Athumani leo asubuhi dukani kwake, mbele ya wateja. Hakunikumbatia.

Mkitaka maoni yangu juu ya toleo jipya, sina. Lije na silinda nne, lije na nane, liwe na farasi wa kujaza zizi zima. Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza linapumulia wapi, na hiyo ndiyo sehemu ambayo mtaiwekea kava siku ya kwanza.

Gari la shemeji, la mjomba, la bosi, likiwaka ile pembetatu, msiniletee mimi. Mpelekeeni Jeni, nyuma ya mashine ya kusaga. Hatashika bisibisi kwanza. Atakuuliza nini kimeongezwa tangu jana. Mjibu kweli, hata kama aliyeongeza ni wewe.